UZI: Ramana Maharshi, kijana aliyeondoka nyumbani na rupia tatu akakaa chini ya mlima mmoja mpaka kufa

Mwana Pangani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kila nikitaka kuuandika naona ni mrefu, nauacha. Leo nitaushusha kipande kwa kipande, anayependa kusoma avute kiti.

Nilimpeleka mzee wangu Chennai, India, kwa matibabu. Wengi humu mnaijua safari hiyo: chumba cha kupanga karibu na hospitali, jiko la gesi la pleti moja, foleni ya asubuhi, kisha kusubiri majibu. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, mtu asiyeweza kukaa bure. Sebuleni kwa mama mwenye nyumba ilitundikwa picha ya mzee mmoja kifua wazi, amepiga winda tu, nywele na ndevu nyeupe zimekatwa fupi. Hakununa, hakutabasamu, anakutazama tu. Mzee akaniuliza, "Huyu nani?" Nikamuuliza mwenye nyumba. Yule mama akaweka mkono kifuani akasema, "Bhagavan," yaani Bwana. Jioni akatuletea kijitabu chembamba cha Kiingereza, nikawa namsomea mzee kwa Kiswahili kila baada ya dawa za usiku.

Ndivyo nilivyomjua Ramana Maharshi, mtakatifu wa Kihindu. Tangu hapo nimesoma kila nilichopata kumhusu, na kuna jambo moja linaniuma: anasimuliwa kama mtu aliyeikimbia dunia. Mimi naona kazi yake yote ilikuwa KUKAA. Alifika mji wa Tiruvannamalai tarehe 1 Septemba 1896, ana miaka 16, na hakutoka tena kwenye mji ule na mlima wake hadi alipofariki tarehe 14 Aprili 1950. Hakufanya ziara wala hakuzunguka kuhutubia. Watu ndio waliomfuata. Aliyemfuata alimkuta yupo.

Nianze mwanzo.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1879 katika mji mdogo wa Tiruchuli, kusini mwa India, nchi ya Watamili. Jina lake lilikuwa Venkataraman. Baba yake, Sundaram Iyer, alikuwa akiwasimamia watu kesi mahakamani, na nyumba yao haikukosa wageni. Mama yake aliitwa Alagammal. Baba alifariki mwaka 1892, Venkataraman akiwa na miaka 12, na familia ikagawanyika. Yeye na kaka yake Nagaswami wakapelekwa Madurai kwa baba mdogo, wakasoma huko kwenye shule za wamisionari. Darasani hakuwa wa kwanza. Alipenda mpira, kuogelea na mieleka, na alikuwa na usingizi mzito kiasi kwamba wenzake walimbeba akiwa amelala, wakampiga, wakamrudisha kitandani, na asubuhi hajui lolote.

Mwezi Novemba 1895 alikutana na ndugu mmoja mtu mzima, akamuuliza anatoka wapi. Akajibiwa, "Arunachala." Jina hilo alilisikia tangu utoto bila kujua kwamba ni mahali pa kweli, mlima ulio Tiruvannamalai, unaoweza kuufikia kwa treni. Akashtuka, hakulisahau.

Julai 1896, yuko peke yake ghorofani nyumbani kwa baba mdogo, hana homa wala ugonjwa wowote, ghafla ikamjia hofu ya kufa. Sasa angalia alichofanya. Hakukimbilia wakubwa, hakuita daktari. Alilala chini, akanyoosha miguu na mikono, akaikaza kama ya maiti, akafunga mdomo, akabana pumzi. Akajiuliza: haya, mwili umekufa. Utabebwa, utachomwa. Je, na mimi nimekufa? Akaona kuna kitu ndani kinachoshuhudia yote, wala hakijaguswa. Kwa maelezo yake mwenyewe, hofu ile haikurudi tena.

Nilipofika hapo mzee akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Hakusema kitu, akageukia ukutani. Tulikuwa tunasubiri majibu ya kipimo kesho yake.

Naendelea baadaye, acha nimalize shughuli kidogo.

Fundi Umeme

Nimeweka kambi hapa mkuu. Usituache njiani.

Mwana Pangani

Nimerudi.

Baada ya tukio lile kijana akabadilika. Masomo hayakumwingia tena. Jumamosi tarehe 29 Agosti 1896 alikuwa amepewa adhabu ya kunakili zoezi la sarufi ya Kiingereza mara tatu. Akanakili mara mbili, ya tatu akasukuma vitabu pembeni, akakaa, akafumba macho. Kaka yake aliyekuwa anamtazama akasema maneno makali: mtu wa namna hii masomo na nyumba vya nini? Venkataraman akaona kaka amesema kweli. Akasimama, akasema anakwenda shule, kuna kipindi cha umeme. Kaka akamwambia, basi chukua rupia tano kwenye sanduku, upitie chuoni kwangu unilipie ada.

Alichukua tatu, mbili akaziacha. Akaandika barua fupi kwa Kitamili. Naiweka hapa kwa Kiswahili changu:

"Mimi nimeondoka kumtafuta Baba yangu, kwa amri yake. Hiki kimeshika njia njema. Kwa hiyo asihuzunike mtu. Wala msitumie fedha kukitafuta hiki. Ada yako ya chuo bado haijalipwa. Rupia mbili zimo humu."

Baba anayemtaja hapo ni Mungu. Chini, mahali pa sahihi, akachora mstari tu. Hakuweka jina.

Isomeni tena taratibu. Anaanza na "mimi". Sentensi ya pili "mimi" haipo tena, imekuwa "hiki". Mwisho hata jina halipo. Mtoto wa miaka 16, ana haraka ya treni, hana habari kwamba barua hiyo itakuja kusomwa na dunia. Mafundisho aliyoyatoa kwa nusu karne baadaye yamo kwenye karatasi ile ndogo.

Mzee wangu, ualimu wake ukamtuma kwenye jambo lingine kabisa. Alisema, "Kaikumbuka ada ya kaka yake." Likamkaa hilo.

Nauli ya kufika Tindivanam, kituo alichodhani ndicho cha karibu, ilikuwa rupia mbili na ana 13. (Rupia na ana wazee wetu wa pwani walizitumia vilevile enzi hizo, rupia moja ni ana 16.) Kwa hiyo mfukoni zikabaki ana tatu. Ramani aliyoiangalia nyumbani ilikuwa ya zamani, haikuonyesha reli mpya. Ndani ya behewa alikuwemo maulana mmoja mwenye ndevu nyeupe, ndiye aliyemwambia ashuke Viluppuram abadili treni, kuna njia inayofika Tiruvannamalai kwenyewe. Mimi ni Mwislamu, na napenda kwamba aliyemwelekeza njia alikuwa shekhe.

Fedha zikaisha, akatembea. Akalala hekaluni na njaa. Kwenye kijiji cha Kilur wakampa chakula nyumba moja, ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa Krishna. Akavua hereni zake za dhahabu akaziweka rehani kwa mwenye nyumba kwa rupia nne. Akapewa hati ya rehani na anwani, na kifurushi cha vitu vitamu. Alipotoka tu akaichana ile hati, maana alijua hatazirudia.

Alfajiri ya tarehe 1 Septemba akaingia hekalu kubwa la Arunachaleswara, moja kwa moja mpaka ndani, akasema: Baba, nimekuja. Akatoka, akanyolewa kichwa, akatupa fedha zilizobaki, akatupa vile vitamu, akachana shuka yake akapiga winda, vilivyobaki akatupa. Hakugusa fedha tena maisha yake yote.

Mama Wawili

Nisamehe mleta mada, mimi nasoma kama mzazi. Huyu mama mjane, mtoto wa miaka 16 anamwachia karatasi? Utakatifu gani wa kumliza mama? Mwanangu angefanya hivyo nisingemwita mtakatifu, ningezunguka vituo vyote vya polisi.

Mwana Pangani

Dada, swali lako ndilo zito kuliko yote, nami sitalipita juu juu.

Alagammal alimtafuta miaka miwili na zaidi. Wakati huo kijana alikuwa hasemi. Alikaa kwanza kwenye ukumbi wa nguzo elfu hekaluni, watoto wa mtaani wakamrushia mawe. Akahamia chini ya ukumbi, kwenye chumba cha gizani kiitwacho Patala Lingam, wadudu wakamla mapaja mpaka vidonda vikatoa usaha. Hakuvisikia. Walimtoa wakiwa wamembeba. Kucha zikarefuka, nywele zikawa matuta. Watu wakaanza kumlisha.

Desemba 1898 mama akamwona. Akamtambua mwanawe kwenye hali hiyo. Akapika, akaleta vyakula, akalia siku baada ya siku: turudi nyumbani. Kijana kimya. Watu waliokuwepo wakamsihi, kama husemi basi mwandikie. Akaandika kwamba kila mtu anaongozwa kulingana na matendo yake ya nyuma. Lisilopangwa halitakuwa hata ulazimishe, lililopangwa litakuwa hata uzuie. Kwa hiyo bora kunyamaza. Mama akarudi nyumbani mikono mitupu.

Nikimweka mama yangu mimi mahali pale, naona ni jibu kavu. Sitalipamba.

Lakini hadithi ya mama na mwana haikuishia hapo. Mwaka 1900 Nagaswami, yule kaka wa ada, akafariki. Mwaka 1916 Alagammal, sasa mtu mzima asiye na kitu, akaja mlimani, ambako mwanawe alikuwa akiishi pangoni, akasema sitaondoka. Mwanawe hakumfukuza. Walihamia pango la juu zaidi, Skandashram, ambako kuna chemchemi na kivuli. Mama ndiye aliyeanzisha jiko. Kabla yake waliishi kwa kuomba chakula mjini; alipokuja yeye, moshi ukaanza kutoka. Mdogo wake Ramana, Nagasundaram, naye akaja, akavaa vazi la utawa, na baadaye ndiye aliyesimamia ashramu, yaani makazi ya Ramana na wafuasi wake. Kwa hiyo familia iliyotawanyika mwaka 1892 ilikusanyika tena pangoni.

Tarehe 19 Mei 1922 mama alikata roho. Tangu asubuhi mpaka usiku mwanawe alikaa kando yake, mkono mmoja juu ya moyo wake, mwingine juu ya kichwa, hakuondoka. Mama akafa mikononi mwa yule aliyemkimbia. Hakuchomwa kama ilivyo desturi. Alizikwa kama wanavyozikwa watakatifu, chini ya mlima upande wa kusini. Na alipoulizwa kama mwanamke anastahili heshima hiyo, mwana alikuwa na jibu moja: katika jambo hili hakuna tofauti ya mwanamume na mwanamke.

Halafu angalia. Alikuwa akishuka mara kwa mara kulizuru kaburi. Miezi michache baadaye akashuka, hakupanda tena. Akabaki kaburini kwa mama yake. Ashramu yote unayoiona leo, Sri Ramanasramam, majengo, jiko, ukumbi, maktaba, yamejengwa kuzunguka kaburi la Alagammal. Aliondoka kwa mama yake akiwa na miaka 16, na miaka zaidi ya 27 ya mwisho aliishi mlangoni pa mama yake.

Mama Wawili

Hapo umenigusa. Asante kwa kunijibu bila kunibeza.

Kisima

Mkuu, maisha tumeyaona. Sasa alifundisha nini? Maana hawa walimu wa Kihindi wengi wana yoga, kuna kupumua, kuna maneno ya kurudiarudia. Yeye yake ipi?

Mwana Pangani

Yake ni swali moja.

Mwaka 1902 hivi, mtumishi wa idara ya mapato, Sivaprakasam Pillai, alipanda mlimani na maswali 14. Ramana alikuwa bado hasemi, akajibu kwa kuandika mchangani na kwenye kibao. Swali la kwanza lilikuwa: mimi ni nani? Majibu hayo yalikuja kuchapishwa mwaka 1923 kwa jina la Kitamili "Nan Yar?", maana yake swali hilohilo. Ni kijitabu unachoweza kukimaliza kwenye daladala.

Anasema hivi. Wazo lolote likikujia, hasira, wivu, deni, hofu ya ugonjwa, usipigane nalo wala usilifuate. Uliza: limemjia nani? Jibu litakuja, limenijia mimi. Haya, mimi ni nani? Hapo usitafute jibu la maneno. Usijijibu "mimi ni roho" wala "mimi ni fulani bin fulani". Rudisha macho ndani, kulekule "mimi" inakochomoza, ukae hapo. Wazo linalokuja baadaye, fanya vilevile. Si maneno ya kurudiarudia, aliwakataza watu wasiligeuze kuwa hivyo. Akatoa mfano wa kijiti kinachotumika kuchochea moto wa maiti: kinaunguza vyote, mwisho chenyewe nacho kinatupwa humo kikaungua. Swali lenyewe halibaki.

Kwa asiyeweza hilo, alisema kuna njia ya pili: jisalimishe kwa Mungu, moja kwa moja, bila kubakiza kitu mfukoni. Alisema ukifika mwisho wa njia hizi mbili unakuta ni moja.

Hakutoza, hakumpa mtu jina jipya, hakuwa na ibada ya kuingiza wanafunzi, hakuacha mrithi wa kiti. Mafundisho yenyewe hasa, alisema, ni kimya. Watu walikuja na maswali wameyaandika, wakakaa ukumbini saa moja au mbili, wakaondoka hawajauliza, wameridhika. Jina alilojulikana nalo hata hakujipa. Mwanazuoni wa Kisanskriti Ganapati Muni alipanda pangoni Novemba 1907, amefanya ibada za kila aina na bado hana amani, akajibiwa maneno machache, naye ndiye aliyetangaza kwamba huyu aitwe Bhagavan Ramana Maharshi.

Na jambo hili watu wa ndoa na kazi walipende: waliokuja wakisema nataka kuacha mke, watoto na ofisi nije nikae hapa, wengi aliwarudisha nyumbani. Aliwaambia kinachokusumbua si nyumba, ni akili, nayo utaibeba mpaka msituni. Wakamuuliza, mbona wewe uliondoka? Akasema ingekuwa imepangwa uondoke, usingeuliza.

Nyota ya Asubuhi

Mimi ni Mkristo na sina ugomvi, ila nauliza wazi: uzi huu unatuita kwenye Uhindu?

Mwana Pangani

Hapana, ndugu yangu. Nimezaliwa Mwislamu Pangani, nimebaki Mwislamu. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu abadili dini. Alikuwa na Waislamu waliomfuata, mmoja profesa, Hafiz Syed. Na Biblia aliijua, si bure alisoma kwa wamisionari. Mistari miwili aliitaja mara nyingi: kitabu cha Kutoka 3:14, "MIMI NIKO AMBAYE NIKO", na Zaburi ya 46, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu". Alisema njia yote imo humo, kwenye neno "acheni".

Haimaanishi ukubali. Mimi mwenyewe yako mambo ya imani yao nayasoma na kuyaacha palepale. Ila huwezi kusema alimvua mtu dini yake.

Nyota ya Asubuhi

Nimeelewa. Zaburi hiyo nimeimba miaka yote na sijawahi kuisoma hivyo.

Kisima

Mkuu, na matabaka? India ile ya 1930 tunaijua. Yeye alikuwa Mbrahmini, tabaka la juu. Wale walioitwa wasioguswa walikaa wapi?

Mwana Pangani

Swali la haki, na jibu lina pande mbili.

Mwenyewe siku ya kwanza alitupa uzi mtakatifu wa Kibrahmini pamoja na nguo. Miaka ya kuomba chakula alikula kilichotoka kwenye mkono wowote. Ukumbini aliingia yeyote. Lakini kwenye chumba cha kulia cha ashramu, Wabrahmini wenye kushika sheria za tabaka walitengewa upande wao, na wengine upande wao. Yeye alikaa mahali ambapo pande zote mbili zinamwona, akala chakula hichohicho. Wafuasi wake wanasema hakutaka kumlazimisha mtu. Mimi sikubali utetezi huo. Neno lake moja lingetosha kuuondoa mpaka ule, na hakulisema. Namheshimu sana, na hapo naona alipungukiwa.

Nilichompenda ni ukali wake kwenye usawa wa chakula chenyewe. Ukimwongezea kijiko yeye peke yake, anakataa chote. Mtu akileta dawa ya nguvu au tunda zuri "la Bhagavan", linagawiwa kwa wote au halili. Kuna siku mhudumu aliwafukuza ombaomba mlangoni wasubiri mpaka wakubwa wamalize. Yeye akatoka akaenda kukaa chini ya mti: mmesema maskini wasubiri, na mimi ni maskini. Tangu hapo maskini wakaanza kulishwa kwanza.

Na jikoni! Hapa nikae kidogo. Miaka mingi aliamka saa tisa, saa kumi za usiku, akaenda jikoni kukata mboga, kusaga chatini kwenye jiwe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wapishi wengi walikuwa wanawake wajane. Aliwafundisha kipimo cha chumvi, kwamba chakula kionjwe kwa umakini uleule wa ibada. Vikonyo vya mboga vilikwenda kwa ng'ombe. Punje ya mchele au ya haradali ikianguka chini aliinama akaiokota, akaiweka kando. Mtu anayesujudiwa na majaji na wafalme, amechuchumaa anaokota haradali. Vifuu vya nazi alivisugua mpaka vikang'aa, akatengeneza vikombe na upawa. Alishona sahani za majani, akajalidi vitabu vilivyochanika. Mwenzetu wa pwani anayejua kazi ya kukuna nazi na kusaga viungo atamwelewa vizuri kuliko profesa.

Muuguzi Tanga

Nimesikia alikufa kwa saratani. Ni kweli? Na aliugua vipi mtu wa hivyo?

Mwana Pangani

Kweli. Na hii ndiyo sehemu niliyoona tabu kumsomea mzee.

Mwanzoni mwa 1949 kilionekana kiuvimbe kidogo mkono wa kushoto, karibu na kiwiko. Wakakitoa Februari. Kikarudi, kikubwa zaidi. Ilikuwa sakoma. Alipasuliwa mara nne ndani ya mwaka mmoja, ya mwisho Desemba 1949. Madaktari wakapendekeza kuukata mkono. Akakataa: mwili wenyewe ni ugonjwa, uacheni ufike mwisho wake. Kila kundi la wafuasi likaleta tiba yake, ya kizungu, ya mitishamba, akawa anakubali kila moja kwa zamu ili asivunje moyo wa aliyeleta. Maumivu hakuyakana. Kilichomsumbua ni watu kuzuiwa kumwona. Akiwa hoi, aliagiza mlango ubaki wazi na foleni ipite asubuhi na jioni.

Walipolia akasema, "Wanasema ninakufa, lakini siendi popote. Niende wapi? Nipo hapa." Mtu aliyeishi mahali pamoja miaka 53 ana haki ya kusema hivyo.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1950 wafuasi walikuwa wamekaa varandani wakaimba wimbo aliouandika yeye mwenyewe enzi za pangoni, beti 108 za mapenzi kwa Arunachala. Akafumbua macho, machozi yakamtiririka. Saa mbili na dakika 47 usiku pumzi ikakoma. Mpiga picha Mfaransa, Henri Cartier-Bresson, alikuwepo mjini siku hizo. Aliona kimondo chenye mkia wa mwanga kikipita angani polepole kuelekea mlimani, akaangalia saa yake. Wengi walikiona.

Kuna na usiku mwingine sipendi uachwe, wa Juni 1924. Wezi walivamia ashramu ikiwa bado kibanda cha makuti, wakidhani kuna fedha. Akawaambia waingie wachukue wanachotaka, taa hii hapa. Wakampiga paja la kushoto. Akawaambia kama hamjatosheka pigeni na la pili. Kijana mmoja wa ashramu akashika chuma awafuate, akamzuia: wao wamefanya yao, sisi tufanye yetu, meno yakikuuma ulimi, utayang'oa? Na kabla ya yote alihakikisha mbwa, Karuppan, ametolewa salama.

Wanyama hakuwaita "hiki" hata siku moja. Ng'ombe Lakshmi aliletwa ndama mwaka 1926, akawa anaingia ukumbini na kuweka kichwa miguuni pake. Alipokufa Juni 1948, Ramana alikaa naye chini, amemshika kichwa, kama alivyofanya kwa mama. Kaburi lake lipo, pembeni yake kuna la paa, la kunguru na la mbwa.

Muuguzi Tanga

Na mzee wako, mkuu?

Mwana Pangani

Mzee alirudi Pangani. Alikaa nasi miezi minane, Mungu amrehemu. Siku za mwisho hakutaka nimsomee kufa kwa Ramana. Alitaka ile barua. "Nisomee ya rupia mbili." Nikimaliza anauliza, "Na kaka alilipa ada?" Namwambia kitabu hakisemi. Anasema, "Alilipa."

Fundi Umeme

Pole sana kaka. Ninatarajia kwenda Chennai na mgonjwa mwakani. Huko kwenyewe ulifika? Kunafikika?

Mwana Pangani

Nilifika, mzee alinilazimisha alipopata nafuu. Kutoka Chennai ni kama kilomita 190, panda basi asubuhi na mapema, saa nne au tano uko pale. Ashramu iko nje kidogo ya mji, barabarani kabisa. Viatu vinaachwa mlangoni. Hakuna kiingilio. Utasikia tausi kabla hujaona kitu, na nyani wapo, kwa hiyo ndizi usizishike mkononi.

Ukumbi wa zamani ni chumba kidogo tu, kochi lake lipo na picha yake juu yake. Watu wamekaa sakafuni kimya. Nilikaa humo na mimi. Mchana wanalisha wageni, mnakaa chini safu kwa safu, wali kwenye jani, mchuzi wa dengu unamwagiwa kwa ndoo. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi wala dini gani.

Nyuma ya ashramu kuna njia ya mawe inayopanda Skandashram. Nenda kabla jua halijakaza, na maji. Njiani kuna jiwe ambalo ukisimama unaona mji wote na minara ya lile hekalu alikoingia alfajiri ile.

Ukiweza kupanga, fika usiku wa mwezi mpevu. Barabara ya kuuzunguka mlima, kilomita 14, hujaa maelfu ya watu, wazee kwa watoto, wote pekupeku. Mimi nilitembea nusu, miguu ikakataa, mwenye kibanda cha chai akanipa kigoda na kikombe cha pili hakutaka hela.